Sura ya 6: Ganda la Sukari

Kila siku utumbo mwembamba wa mtu mzima hupokea karibu lita 9 za majimaji. Lita 2 hivi hutokana na anachokula na kunywa. Zinazobaki ni mate, asidi ya tumbo, nyongo, majimaji ya kongosho, na yale ambayo ukuta wa utumbo wenyewe huyamwaga ili chakula kipite kwa urahisi. Karibu yote hufyonzwa tena, na kinachotoka na choo hakijazi glasi. Kipindupindu huivuruga hesabu hiyo. Ukuta huendelea kumwaga, tena kwa nguvu zaidi, na mgonjwa aliyeshikwa vikali anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Macho hudidimia, ngozi ya tumbo ikifinywa hukawia kurudi, sauti hukauka, na mpigo wa damu kwenye kifundo cha mkono haupatikani tena. Asipotibiwa anaweza kufa siku ileile aliyoanza kuhara.

Cha kushangaza ni kwamba utumbo wa mgonjwa huyu haujatoboka wala kuchubuka. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba ukuta wake humomonyoka, na kwamba vile vipande vyeupe kama mchele vinavyoelea kwenye choo ni nyama yake. Mwaka 1960, mjini Bangkok, Mmarekani Eugene Gangarosa na wenzake walichukua vipande vidogo vya utumbo wa wagonjwa walio hai, wakavitazama kwa hadubini, wakakuta seli ziko mahali pake. Hakuna kilichobomoka. Sumu ya bakteria wa kipindupindu ilikuwa imeshika juu ya seli hizo na kuziamuru zifanye kazi isiyo yao.

Sura hii inahusu huko kushika. Sumu haishiki popote inapoangukia. Inahitaji umbo maalumu la sukari juu ya seli, na kwa binadamu umbo hilo ni adimu. Bakteria wa kipindupindu wana kimeng'enya kinachoweza kuliongeza. Wanasayansi wamebishana kwa miongo kadhaa kuhusu uzito wa jambo hilo, na mabishano yao yanatufundisha mengi kuhusu ugonjwa huu kuliko mabango yote yaliyobandikwa kwenye kuta za zahanati.

Nimeyaweka maelezo haya Arua na Koboko, eneo la West Nile nchini Uganda, kwa sababu huko kipindupindu hakina haja ya kutafuta njia. Barabara ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92, inaanzia mpaka wa Kongo, inapita katikati ya Arua na Koboko, na kuishia mpaka wa Sudan Kusini. Karibu na Koboko, pale Salia Musala, nchi tatu zinakutana. Mfanyabiashara anaweza kuamka Koboko, akauza bidhaa Ariwara upande wa Kongo, na kulala kwake usiku huohuo. Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kilingala vinasikika kwenye soko moja. Wakimbizi wa Kongo wanaishi Lobule, ndani ya wilaya ya Koboko. Wale wa Sudan Kusini wako Rhino Camp na Imvepi, na wengi zaidi Bidi Bidi, wilaya jirani ya Yumbe, iliyofunguliwa Agosti 2016. Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, nayo hunywa maji ya mto Enyau, mto uleule unaopita kando ya nyumba za watu. Uganda iliripoti kipindupindu kwa mara ya kwanza mwaka 1971. Tangu hapo ugonjwa umezoea kurudi kwenye wilaya za mipakani na zile za kando ya maziwa na mto Nile: Nebbi, Pakwach, Zombo, Moyo, Adjumani. Katika mwaka wa mvua kubwa za El Niño, 1998, nchi nzima ilihesabu karibu wagonjwa 50,000.

Sasa tuingie ndani ya utumbo.

Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo, na kila kijidole kimefunikwa na seli ambazo nazo zina vijinywele vidogo zaidi. Juu yake kuna ute, na chini ya ute, kwenye ngozi ya kila seli, kumejipanga minyororo mifupi ya sukari iliyoshikizwa kwenye mafuta. Minyororo hiyo huitwa gangliosidi. Nyingi huishia na sukari ya aina yake, yenye ukali kidogo na chaji hasi, inayoitwa asidi ya siali. Mwili hutumia asidi hiyo kama kifuniko: seli za damu, ute wa pua, maziwa ya mama, vyote vinayo kwa wingi.

Sumu ya kipindupindu ilithibitishwa mwaka 1959 mjini Calcutta na Sambhu Nath De, aliyefunga vipande vya utumbo wa sungura na kuvidunga majimaji yaliyochujwa, yasiyo na bakteria hata mmoja. Vipande vilijaa maji. De hakutuzwa alivyostahili, na naona ni haki jina lake litangulie majina mengine katika kila kitabu kinachozungumzia ugonjwa huu. Baadaye ikajulikana kwamba sumu hiyo imeundwa kwa sehemu mbili. Vipande vitano vinavyofanana, viitwavyo B, vimejipanga duara, na kazi yao ni kushika tu. Kipande kimoja, A, kimekaa juu ya duara, nacho ndicho chenye madhara. Mwaka 1971, W. E. van Heyningen wa Oxford na wenzake walionyesha kwamba gangliosidi zikichanganywa na sumu huifanya isiwe na nguvu, na kufikia 1973 makundi kadhaa, likiwemo la Jan Holmgren wa Göteborg nchini Sweden, yalikuwa yameitambua ile moja ambayo sumu inaipenda kuliko zote. Jina lake ni GM1.

Hapo ndipo kitendawili kinapoanza. Mwaka 1975 Holmgren na wenzake walipima GM1 kwenye utumbo wa ng'ombe, nguruwe na binadamu. Ng'ombe alikuwa nayo tele. Nguruwe alikuwa nayo kiasi. Binadamu, ambaye ndiye anayekufa kwa kipindupindu, alikuwa na kidogo sana, mamia ya mara chini ya ng'ombe. Sumu inayoua watu inategemea kitu ambacho watu karibu hawana.

Sehemu ya jibu ilikuwa imeshapatikana miaka zaidi ya 25 kabla, na aliyeipata alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Huko Melbourne, Australia, Frank Macfarlane Burnet alikuwa akichunguza virusi vya mafua. Virusi hivyo hushika seli nyekundu za damu na kuzigandisha pamoja. Mwaka 1946 na 1947, Burnet pamoja na McCrea na Stone waligundua kwamba majimaji yaliyochujwa kutoka kwa bakteria wa kipindupindu huzifanya seli za damu zisishikike tena na virusi. Kulikuwa na kitu ndani ya majimaji hayo kilichoharibu mahali pa kushika. Baadaye, kwa kazi ya Alfred Gottschalk, ilibainika kwamba kitu hicho ni kimeng'enya kinachokata asidi ya siali kwenye ncha ya mnyororo wa sukari. Kikaitwa neuraminidasi, wengi sasa hukiita sialidasi. Hadi leo maabara za mafua duniani hutumia kimeng'enya cha kipindupindu kusafisha seramu ya damu kabla ya kuipima.

Kwa hiyo kitu kimoja kinafanya kazi mbili zinazokinzana. Virusi vya mafua vinahitaji asidi ya siali ili vishike, kwa hiyo kimeng'enya kinavinyima mahali. Sumu ya kipindupindu inazuiwa na asidi ya siali iliyozidi, kwa hiyo kimeng'enya kinaipatia mahali.

Angalia namna kinavyofanya. Katika familia ya gangliosidi kuna GD1a, yenye asidi za siali mbili, na GT1b, yenye tatu. Kimeng'enya hufanya kazi ya kisu cha mama anayemenya muhogo kabla ya kuusaga kwa ajili ya ugali wa enyasa: kinaondoa ganda na kuacha kiini. Kikimaliza, GD1a imekuwa GM1. GT1b nayo imekuwa GM1. Lakini GM1 yenyewe bado ina asidi moja ya siali, na hiyo haikatwi, kwa sababu imebanwa na sukari iliyo jirani yake na kisu hakiifikii. Picha za umbo la sumu, zilizochukuliwa miaka ya 1990 kwa miale ya eksirei, zilionyesha kwamba kipande B hukamata sehemu mbili za GM1: sukari ya galaktosi iliyo ncha moja, na asidi hiyohiyo ya siali iliyosalia. Kimeng'enya huondoa kinachozuia na kuacha kinachohitajika. Mhandisi angepewa kazi ya kubuni jambo kama hili asingelipanga vizuri zaidi.

Hata hivyo, mpango mzuri kwenye karatasi si ushahidi. Katika utafiti uleule wa 1975, kundi la Holmgren lilijaribu kimeng'enya kwenye utumbo wenyewe. Kwenye chupa, gangliosidi zikiwa zimeyeyushwa, kilizigeuza kuwa GM1. Kwenye ukuta mzima wa utumbo hakikuongeza GM1 wala mahali pa kushika sumu. Wengi wakaona mjadala umekwisha.

Ulifunguliwa tena mwaka 1992 na James Galen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore. Wao walitumia njia ambayo haikuwepo mwaka 1975: walitengeneza bakteria wa kipindupindu walionyang'anywa jeni moja tu, nanH, inayounda kimeng'enya hicho. Kisha wakalinganisha majimaji ya bakteria wa kawaida na ya wale waliopungukiwa. Kwenye seli za panya zilizokuzwa maabara, majimaji yenye kimeng'enya yaliifanya sumu ishike mara tano hadi nane zaidi. Kwenye panya wachanga walio hai, tofauti ya kuhara ilikuwa ndogo. Waandishi walihitimisha kwamba kimeng'enya kina mchango, lakini si mkubwa wa kuamua kila kitu, na huenda kinafaa zaidi pale sumu inapokuwa chache, mwanzoni mwa maambukizi.

Nakubaliana nao, na naona maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Majaribio mengi ya maabara humwaga sumu kwa wingi. Panapojaa sumu, mahali pachache panatosha. Mtoto wa Lobule aliyekunywa maji ya mto hapati wingi huo saa ya kwanza. Anapata bakteria waliosalimika na asidi ya tumbo, waliotawanyika, wanaoanza kazi taratibu. Katika saa hizo, mahali pa kushika pakiongezeka hata kidogo, sumu chache hazipotei. Hii ni hoja yangu, haijafungwa na jaribio moja, lakini inapatanisha matokeo ya 1975 na ya 1992 bila kumwita yeyote mwongo.

Kuna ushahidi mwingine unaonifanya nisikipuuze kimeng'enya hiki. Jeni ya nanH imo ndani ya kipande kirefu cha DNA ambacho wataalamu wanakiita kisiwa cha pili cha uambukizi, kilichochunguzwa na William Jermyn na Fidelma Boyd mwaka 2002. Bakteria wa kipindupindu wanaosababisha milipuko wanacho. Ndugu zao wasio na sumu, wanaoishi majini bila kumdhuru mtu, kwa kawaida hawana. Pembeni ya nanH kuna jeni zinazowawezesha bakteria kula asidi ya siali waliyoikata, na bakteria walionyimwa uwezo huo hushindwa kushindana vizuri ndani ya utumbo wa panya. Kwa hiyo kimeng'enya kinaleta chakula, kinalegeza ute, na pembeni ya hayo kinaiandalia sumu mahali. Sijui kisa kingine katika tumbo la mwanadamu ambapo kukata sukari moja kunalipa mara tatu.

Bakteria wa kuhara wasio wa kipindupindu pia wanahusika. Aina ya E. coli inayowahangaisha watoto wa vijijini na wageni wanaosafiri hutoa sumu inayofanana sana na ya kipindupindu, nayo hushika GM1. Haisababishi milipuko ya kutisha, lakini inakuja kila mwaka. Tena utumbo umejaa bakteria wasio na ubaya ambao nao wana vimeng'enya vyao vya kukata sukari. Mwaka 2020 watafiti waliokuwa na Ansel Hsiao huko California walionyesha kwamba baadhi ya bakteria wa utumbo wa binadamu, hasa Blautia obeum, wana kimeng'enya kinachovunja chumvi za nyongo. Bakteria wa kipindupindu hutumia chumvi hizo kama ishara kwamba wamefika utumboni na waanze kuwasha silaha zao. Ishara ikivunjwa, hawawashi. Kimeng'enya cha bakteria mmoja kinasaidia sumu ishike, cha mwingine kinazuia isitengenezwe kabisa. Ndiyo maana katika nyumba moja iliyochota maji kwenye mto mmoja, mmoja anaweza kulazwa na wengine wakahara kidogo tu. Kundi la damu nalo lina sehemu: watu wa kundi O hupata kipindupindu kikali zaidi kuliko wengine.

Kwa mhudumu wa afya, swali la maana ni kinachofuata baada ya sumu kushika. Seli huimeza. Kipande A hujitenga, hufika ndani, na hukwamisha swichi moja ya seli katika hali ya kuwaka. Kloridi humwagika nje ya seli, sodiamu huifuata, na maji hufuata chumvi. Hakuna dawa inayoirudisha swichi hiyo. Doksisaiklini, dozi moja ya miligramu 300 kwa mtu mzima, huua bakteria, na kwa hiyo hukomesha sumu mpya na kimeng'enya kipya, lakini sumu iliyokwisha kuingia inaendelea na kazi yake. Kinachomaliza ugonjwa ni utumbo wenyewe: seli zake huzaliwa chini ya vijidole, hupanda juu, na kudondoka katika siku tatu hadi tano. Zile zilizoshikwa huondoka, mpya zikachukua nafasi. Matibabu yote ya kipindupindu ni kumweka mgonjwa hai mpaka ukuta ubadilike.

Na inawezekana, kwa sababu sumu inaacha njia moja bila kuigusa. Kuna protini kwenye seli inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Robert Crane aliieleza mwaka 1960. Maji yenye chumvi peke yake humwagika na kupotea. Yakiwa na sukari, chumvi inaingia na maji yanaifuata. Mwaka 1971, wakimbizi waliokimbia vita vya Pakistan ya Mashariki walijaa Bongaon, India, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi na sukari vipimwe, viyeyushwe kwenye mapipa, na ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo kambini vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi asilimia 3.6. Walionywesha hawakuwa wauguzi, walikuwa akina mama na akina baba waliokaa chini na kikombe. Kila pakiti ya chumvi na sukari (ORS) inayochanwa leo Imvepi au Koboko inatoka kwenye mapipa yale. Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji salama vinafanya kazi hiyohiyo, na anayetapika anyweshwe kidogo kidogo bila kuachwa.

Kama sumu ikishashika haiachi, basi njia bora ni kuizuia isishike, na hapo West Nile ina historia ambayo wenyeji wake wachache wanaijua. Holmgren na wenzake walitengeneza chanjo ya kunywa yenye bakteria waliouawa pamoja na kipande B peke yake. Kipande hicho hakina madhara, lakini mwili ukikiona hutengeneza kingamwili zinazomwagwa ndani ya utumbo na kukifunika kabla hakijafika kwenye GM1. Mwaka 1997 chanjo hiyo ilipelekwa Adjumani, kwenye makambi ya wakimbizi wa Sudan yenye watu wapatao 44,000. Ilitolewa kwa dozi mbili. Wakati huo wataalamu wengi walishikilia kwamba chanjo haina nafasi kambini, kwamba itavuruga kazi ya maji na vyoo. Adjumani ilionyesha kwamba watu waliokimbia vita wanaweza kupanga foleni mara mbili, wakanywa, na kazi nyingine zikaendelea.

Ugumu wake ulitokana na kipande B hichohicho. Asidi ya tumbo hukiharibu, kwa hiyo kila mtu alihitaji kunywa chanjo pamoja na dawa ya kupunguza asidi iliyoyeyushwa kwenye maji salama, na maji salama ndiyo yanayokosekana penye kipindupindu. Tena katika jaribio kubwa la Matlab, Bangladesh, lililoanza mwaka 1985, chanjo yenye kipande B ilikinga asilimia 85 kwa miezi 6 ya kwanza, huku ile ya bakteria peke yao ikikinga asilimia 58. Baada ya miaka mitatu zote mbili zilikuwa karibu asilimia 50. Dunia ikachagua ile isiyo na kipande B, iliyo nafuu na isiyohitaji maji ya kuchanganyia. Ndiyo aina ambayo Uganda ilianza kuitumia mwaka 2018, kuanzia Hoima, wakimbizi kutoka Kongo walipovuka Ziwa Albert wakiwa na ugonjwa.

Sipingi uchaguzi huo. Lakini miezi 6 ya kwanza ina maana yake mahali ambapo watu elfu kadhaa wanavuka Oraba kwa wiki moja na mvua zimeshaanza. Hapo ndipo kinga ya haraka dhidi ya kushika kwa sumu ingefaa kuliko kinga ndefu ya wastani. Badala yake, tangu Oktoba 2022, kwa uhaba wa chanjo duniani, milipuko inajibiwa kwa dozi moja badala ya mbili. Kwa wilaya zenye mipaka miwili ya kimataifa, kama Koboko, maana yake ni kinga ya muda mfupi zaidi kwa watu wanaokutana na bakteria wapya kila siku ya soko. Wanaogawa chanjo wanapaswa kuzitazama wilaya hizo kwa jicho tofauti, na mwongozo wa kitaifa unaweza kulisema hilo bila kusubiri mlipuko mwingine.

Maziwa ya mama nayo yamo katika hesabu hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 kutoka Bangladesh ulionyesha kwamba watoto wanaonyonya maziwa yenye kingamwili nyingi dhidi ya kipindupindu waliambukizwa kama wengine, lakini hawakuugua kwa kiwango kilekile. Bakteria walikuwamo tumboni, ila ugonjwa uliwapita. Mbali na kingamwili, maziwa yana gangliosidi na sukari zenye asidi ya siali, ambazo zinaweza kukishughulisha kimeng'enya na kuikamata sumu kabla haijafika ukutani. Mama aliyechanjwa anayenyonyesha humkinga mtoto ambaye bado ni mdogo mno kupewa chanjo, kwani hutolewa kuanzia mwaka mmoja. Kambini, akina mama wanaonyonyesha wangewekwa mwanzoni mwa foleni.